Mahali pa Kuwatazama Vipepeo kwa Karibu

Hapana mtoto wa shamba asiyepata kumfukuza kipepeo. Lakini ukimwuliza mtu mzima, hata aliyesoma, kipepeo hutoka wapi, na hula nini kabla hajaota mabawa, mara nyingi hana jibu. Sababu yake ni kwamba tumezoea kumwona akipita tu. Leo twataja mahali patatu ambapo mtu aweza kumtazama kwa karibu na kwa utulivu. Pa kwanza hapahitaji nauli hata senti moja. Pa pili ni Gede, katika pwani. Na pa tatu ni msitu wa Kakamega.

MCHUNGWA ULIO NYUMBANI

Mwenye mchungwa, mlimau au mndimu na ayatazame vizuri majani yake machanga. Huenda akaona kitu kidogo cheusi chenye baka jeupe, akadhani ni kinyesi cha ndege. Akitazama tena ataona kwamba kitu hicho chatembea. Huyo ni kiwavi, mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Kwa kuwa afanana na kinyesi, ndege humpita bila kumdonoa. Akikua huwa wa kijani kama jani lenyewe, na ukimgusa hutoa kichwani pembe mbili laini zenye harufu kali, ili kumfukuza adui.

Mkulima atasema, "Huyo hula miche yangu," naye asema kweli. Katika kitalu viwavi wachache waweza kuumaliza mche, na kuwaokota kwa mkono ni haki yake. Bali mchungwa mkubwa haudhuriki sana kwa viwavi wawili watatu. Waache hao, uwatazame kila asubuhi. Siku moja kiwavi hujifunga kijitini kwa uzi mwembamba, hujivua ngozi kwa mara ya mwisho, akawa kitu kisichokula wala kutembea. Huyo huitwa pupa. Katika maneno yetu ya kila siku pupa ni haraka yenye tamaa, lakini pupa huyu hana haraka hata kidogo: hukaa kama majuma mawili au matatu akijijenga upya ndani ya ganda. Kisha ganda hupasuka. Kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana, huyaning'iniza mpaka yanyooke na kukauka, ndipo arukapo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

GEDE, MAHALI PUPA ALIPOKUWA MAZAO

Gede iko kilomita zipatazo 15 kutoka Malindi, ukielekea Mombasa. Wengi huijua kwa magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambao mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Penye magofu hayo ndipo ulipo mradi uitwao Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na Dr. Ian Gordon, mtaalamu wa vipepeo, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Ili kuelewa mradi huo, yafaa kwanza kuujua msitu ulio jirani, yaani Arabuko-Sokoke. Una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na aina za vipepeo zaidi ya 250. Wageni huusifu sana, bali mkulima aliyepakana nao alikuwa na maneno mengine. Tembo walitoka usiku wakala mahindi yake. Nyani walikuja mchana. Naye akiingia msituni kukata mti alishikwa. Mashamba yalikuwa madogo na watoto wengi. Kwa hiyo kabla ya mradi kuanza, wenyeji wengi walipoulizwa walisema heri msitu ukatwe, watu wapewe ardhi. Tusiwalaumu. Ni nani apendaye jirani alaye chakula chake asimlipe?

Mradi ulileta malipo. Mkulima huingia msituni kwa ruhusa, akatega vipepeo kwa matunda yaliyochacha, maana vipepeo wengine huyapenda kuliko maua. Majike huwaweka katika kizimba cha wavu pamoja na majani ya mti wanaoupenda, nao hutaga mayai. Viwavi hulishwa majani hayo na kukingwa na siafu, nyigu na mijusi. Porini wengi wao huliwa; katika wavu wengi hufika kuwa pupa, hivyo majike wachache watosha. Mkulima hupeleka pupa Gede, nao hupangwa katika pamba, wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio ili wawaone vipepeo katika nyumba za vioo zenye joto. Kazi yote ni ya kukimbizana na siku, kwa sababu kipepeo atokaye njiani hana thamani tena.

Hapana budi kusema pia ya kwamba mapato haya hayana uhakika wa kila mwezi. Mnunuzi yuko mbali, na ndege zikisimama, kama zilivyosimama mwaka 2020 kwa ajili ya Korona, pupa hawawezi kungoja ghalani kama mahindi. Hata hivyo mkulima amejifunza jambo ambalo hotuba hazikuweza kumfundisha: mti fulani ukikatwa, jani lake halipo; jani lisipokuwapo, kipepeo hayupo, na fedha zake hazipo.

Mgeni afikaye Gede huingia katika kizimba kikubwa ambamo vipepeo huruka kumzunguka, akawaona na pupa wakining'inia.

MSITU WA KAKAMEGA

Wasomaji wa magharibi hawana haja ya kusafiri hadi pwani. Msitu wa Kakamega una aina zaidi ya 400 za vipepeo, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine katika Kenya. Mtu aweza kuingia kwa upande wa Isecheno au Buyangu, akafuatana na mwongozaji mwenyeji. Penye matope kando ya njia utawaona madume wakikusanyika kunywa maji. Watafuta chumvi, kama ng'ombe wafanyavyo.

Asubuhi mapema si wakati mzuri, kwa kuwa kipepeo hawezi kuruka vema mpaka jua limtie joto. Nenda tangu saa tatu, siku ya jua iliyofuata mvua. Tembea polepole, simama, na kivuli chako kisimwangukie. Usimshike, maana unga ubakio vidoleni ndio magamba ya mabawa yake, wala hayaoti tena.

Mwenye watoto na aanze na mchungwa wa nyumbani. Mtoto aliyemwona kiwavi akawa kipepeo hatauliza tena msitu una faida gani. Ataanza kuuliza kila mti unamlisha nani.