Moyo wa Kijana na Ulezi wa Nyumba

Katika milima ya Usambara, ambako baridi ya Juni na Julai huwakusanya watoto wengi penye moto mmoja, mafindofindo huhesabiwa kuwa maradhi madogo, ya kutibiwa kwa maji moto yenye chumvi na subira. Walakini miongoni mwa koo hizo ziumazo zimo zilizoingiwa na vijidudu viitwavyo streptokoka wa kundi A, navyo, visipouawa mapema, huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo aghalabu huwapata wenye umri wa miaka 5 hadi 15.

Homa hiyo huja wiki 2 au 3 baada ya koo kuuma, ikavimbisha goti, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, kisha uvimbe ukatulia, hata wazazi wakaona mtoto amepoa, ilhali dhara kubwa limekwisha tendeka ndani. Kinga ya mwili, iliyojifunza kumtambua kijidudu, huishambulia na nyama ya moyo inayoshabihiana naye. Na vali, ambazo kazi yake ni kama ya mlango unaofunguka upande mmoja tu, hupata makovu kila homa irudipo, zikavuja au tundu lake likawa jembamba. Ndipo kijana aliyezoea kupanda mlima wa Soni akiwa na mzigo wa kuni anapotweta njiani, anashindwa kulala chali, na miguu yake yavimba. Na jamaa zake, kwa kutojua, hudhani ni uvivu au pumu.

Safari ya tiba hutoka Lushoto, ikateremka Mombo, ikafika Hospitali ya Bombo mjini Tanga, na pengine ikaishia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, ambako leo hufanyika upasuaji ambao zamani wagonjwa wengi waliufuata India. Tabibu hodari aweza kuitengeneza vali au kuweka mpya. Lakini hawezi kumzuia kijidudu asirudi kooni, na kazi hiyo hubaki kwa ahali ya mgonjwa.

Kinga yenyewe ni sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, yenye maumivu makali, nayo huendelea kwa miaka mingi, na kwa mwenye vali zilizoharibika sana pengine hadi umri wa miaka 40. Nguvu yake ilidhihirika katika utafiti wa kaskazini mwa Uganda, huko Gulu, uliotangazwa mwaka 2021, ulioandikisha watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za maradhi haya ya moyo: baada ya miaka 2, waliochomwa ambao hali iliwazidia walikuwa 3 kati ya 399, na wasiochomwa walikuwa 33 kati ya 400. Lakini kijana wa miaka 15 anayejiona mzima haikumbuki tarehe yake pasipo mama, shangazi au kaka wa kumwambia kwamba kesho ni zamu ya zahanati, na wa kumsindikiza.

Aliyewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na hupimwa damu mara kwa mara. Na ingawa mboga za majani, mathalani mchicha na sukuma wiki, huipunguza dawa hiyo nguvu, mpishi wa nyumba katika nchi hii ya bustani hana haja ya kuziharamisha, ila azipike kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hata wiki. Binti naye afahamishwe mapema, yeye na wazazi wake, kwamba ujauzito wataka shauri la tabibu kabla haujatokea.

Basi kumpa mgonjwa ruhusa ya kurudi nyumbani bila kumfundisha mlezi wake ni kuikata tiba katikati. Na tuanze mbele zaidi: mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati upesi, na zahanati za vijiji vya milimani zisikose penisilini, kwani dawa hii ya bei ndogo humwepusha mtoto na kisu cha upasuaji.