Bingwa hadharau uwanja mdogo

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani, Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, wanafunzi wangu wawili wakibishana. "Mwalimu," akaniuliza mmoja, "bingwa wa tenisi aliyekwisha kushinda Wimbledon huendea nini mashindano madogo? Si kujishushia hadhi huko?"

La hasha! Ziko sababu, tena za maana.

Ya kwanza ni alama. Mchezaji hupangwa kwa alama alizovuna katika majuma 52. Zikitimiza mwaka, humtoka. Bingwa wa Wimbledon hupata alama 2,000, ilhali bingwa wa daraja la chini la ziara kuu ya wanaume hupata 250. Aliyeumia, au aliyetolewa mapema penye makuu, hana budi kuziokota penye madogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya pili ni matayarisho. Nahodha wa Bandari ya Kale hukijaribu chombo kipya humu humu mlangoni kabla ya kukitia bahari kuu. Ndivyo alivyofanya Roger Federer wa Uswisi: mwaka 2003 alishinda kwanza Halle, Ujerumani, kwenye nyasi kama za Wimbledon, na majuma machache baadaye akatwaa Wimbledon yenyewe kwa mara ya kwanza. Alipostaafu mwaka 2022, alikuwa na mataji 10 ya Halle na 8 ya Wimbledon.

Ya tatu, tusifichane, ni fedha. Mkono mtupu haulambwi. Waandaaji wa mashindano madogo huweza kumlipa mwenye jina ada ya kufika tu, ashinde asishinde, maana ndiye ajazaye viti.

Ndugu msomaji, mambo haya si ya Ulaya peke yake. Angella Okutoyi, binti wa Kenya, alitwaa taji la wasichana wawili wawili la chipukizi, Wimbledon, mwaka 2022. Mwezi Machi 2024 akanyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Ushindi ule ungemfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, kwa sharti kwamba awe miongoni mwa wachezaji 400 bora duniani. Hakuwamo. Dhahabu alikuwa nayo, alama zilimpungukia. Na alama hizo huvunwa katika mashindano madogo, juma baada ya juma, ambayo mengi huchezwa mbali na kwetu, nauli na malazi yakimlemea mchezaji.

Kisiwani Mombasa tenisi si ngeni. Klabu ya Michezo ya Mombasa ni ya tangu mwaka 1896. Tunachohitaji ni ngazi ya chini: mashindano ya shule na shule, ya mtaa na mtaa, atakamoanzia mtoto wa Mji wa Kale. Asiye na ngazi ya chini hawezi kulaumiwa kwa kutofika darini.

Wanafunzi wangu walinyamaza. Nikawakumbusha jaribio la Ijumaa, lile wanalolidharau kwa kuwa "si mtihani wa taifa." Mmoja akacheka, akainuka kwenda kutafuta daftari lake. Nami nikajiuliza ni walimu wangapi tunaosahihisha majaribio hayo kwa mkono mzito, tukingoja mtihani mkubwa.