Abiria wa Ndani Katika Ndege ya Kimataifa

Ndege inayokwenda ng'ambo si lazima iage nchi kwenye uwanja wa kwanza. Huweza kuanzia mji mmoja, ikatua mji mwingine wa nchi ileile, ndipo ikavuka mpaka. Safari ya QF9 ya shirika la Qantas la Australia ni ya namna hiyo. Ilianza Machi 2018 kwa ndege za Boeing 787-9: kutoka Melbourne hadi Perth, kisha kilomita zipatazo 14,500 bila kutua mpaka London. Kati ya Melbourne na Perth ndege hubeba watu wa aina mbili, yaani wanaokwenda Uingereza na wanaoishia Perth. Hawa wa pili ndio abiria wa ndani. Hawahitaji viza wala pasipoti kwa kuwa hawatoki nchini mwao, lakini wameketi kiti kwa kiti na watu ambao kisheria wamekwisha kuondoka. Ndiyo maana safari yao, fupi kama ilivyo, inagusa kwa pamoja sheria za anga, uhamiaji, forodha na usalama.

Swali la kwanza ni ndege yenyewe ni ya nani. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini Desemba 7, 1944, ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani. Ibara yake ya 7 inaipa kila nchi haki ya kuzikatalia ndege za nchi nyingine kuchukua abiria, barua na mizigo kwa malipo kutoka sehemu moja ya nchi hiyo hadi sehemu nyingine ya nchi hiyohiyo. Biashara hiyo huitwa kabotaji. Nchi ikipenda inaweza kuiruhusu, ila ibara hiyo inazitaka nchi zisifunge mapatano ya kumpa mgeni mmoja upendeleo huo peke yake na kuwanyima wengine.

Wataalamu wa usafiri wa anga huzitaja haki hizi kwa namba. Uhuru wa tano humruhusu mwenye ndege kuchukua abiria kati ya nchi mbili za kigeni katika safari inayoanzia au kuishia kwao. Kwa haki hiyo Emirates ya Dubai huuza tiketi kati ya Milan na New York. Uhuru wa nane ndio unaohusu kipande cha ndani: ndege ya kigeni, ikiwa njiani kutoka au kwenda kwao, ichukue abiria kati ya miji miwili ya nchi moja. Uhuru wa tisa unazidi hapo, kwani humwezesha mgeni kuendesha safari za ndani tupu bila kuziunganisha na kwao. Hizi mbili za mwisho hutolewa kwa nadra sana. Umoja wa Ulaya ulizifungua kikamilifu kwa mashirika ya nchi wanachama Aprili 1997, na mpaka leo huo ndio mfano mkubwa kuliko yote.

Ukali wa kanuni hii ulionekana wazi nchini Marekani. Kwa miaka kadhaa Qantas ilikuwa na ndege iliyotoka Australia hadi Los Angeles na kuendelea hadi New York. Kipande hicho cha pili kilikuwa cha saa tano hivi, juu ya moja ya njia zenye abiria wengi zaidi Marekani, lakini Mmarekani wa Los Angeles hakuweza kununua kiti humo hata kama viti vilikuwa wazi. Walioruhusiwa ni wale tu ambao tiketi zao zilionyesha safari ya kutoka au kwenda ng'ambo. Shirika hilohilo nyumbani kwake linauza Melbourne hadi Perth kwa yeyote anayetaka. Kinachoangaliwa, basi, ni bendera ya ndege pamoja na tiketi ya abiria.

Ndege ikiwa ya nyumbani, swali la ruhusa linakwisha na swali la mpaka linaanza. Katika uwanja wa ndege mpaka wa nchi huwa ndani ya jengo: ni ule mstari wa kaunta za uhamiaji na forodha. Aliyeupita kwa kuondoka yuko nje kisheria, ingawa bado anaona teksi za mjini kupitia dirishani. Abiria wa ndani analazimika kuingia eneo hilo la nje, apande ndege humo, ashuke humo, kisha arudi ndani bila kuhesabiwa kuwa alitoka wala aliingia. Taratibu zote anazokutana nazo zimewekwa ili kuthibitisha jambo hilo moja.

Australia imezipanga taratibu hizo kwa uangalifu mkubwa. Qantas imetenga namba za safari: kuanzia QF1 hadi QF399 ndege huondokea majengo ya kimataifa, na kuanzia QF400 huondokea majengo ya safari za ndani. Mkazi wa Melbourne asiyetazama namba huweza kwenda jengo alilolizoea na kukuta ndege yake haiko kwenye ubao. Kaunta za kimataifa pia hufungwa mapema kuliko za ndani, kwa hiyo dakika zilizopotea kwenye kutafuta jengo ni za thamani. Kitambulisho chenye picha kinahitajika, ingawa leseni ya udereva inatosha. Mhudumu akishamaliza kumwandikisha, hubandika kwenye pasi yake ya kupandia ndege stika yenye herufi D, na stika hiyo ndogo ndiyo inayomtambulisha kuanzia hapo.

Ukaguzi wa usalama nao hufuata masharti ya kimataifa. Tangu Machi 31, 2007 Australia imeweka kikomo cha vimiminika katika safari za kimataifa: kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki wa lita moja unaofunguka na kufungwa tena. Safari za kawaida za ndani hazina kikomo hicho. Matokeo yake ni kwamba chupa kubwa ya manukato au mtungi wa asali, ambao ungepita bila swali kwenye jengo la ndani, huachwa kwenye pipa la ukaguzi na mtu ambaye hatoki nchini kabisa. Asali ya kwenda Perth ingezuiwa vilevile mwisho wa safari, kwa kuwa Australia Magharibi ina karantini yake dhidi ya matunda, mboga na asali kutoka majimbo mengine, na abiria huonywa wavitupe kabla ya kutoka uwanjani.

Kwenye kaunta za uhamiaji mwenye stika ya D haandikwi kuwa ameondoka nchini. Huonyesha pasi na kitambulisho, akapita. Mbele yake yapo maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru, na hapo haruhusiwi kununua. Sababu yake ni ya haki kabisa: msamaha wa ushuru hutolewa kwa bidhaa inayotoka nchini, na chupa ya pombe inayonunuliwa Melbourne na kunywewa Perth haijatoka popote.

Sehemu inayowasumbua wengi ni kushuka. Ndege inayotoka ng'ambo inapotua mji wa kwanza na kuchukua abiria wa ndani kuelekea wa pili, watu wote hushukia ukumbi wa kimataifa, na wale waliotoka nchi za nje ndipo wanapokaguliwa. Abiria wa ndani hufuatana nao kwenye foleni mpaka afikie ofisa, atoe pasi yenye D na kuruhusiwa kupita. Aliyeitupa pasi ile ndani ya ndege hana cha kuonyesha, na ofisa anayemtazama hana njia ya haraka ya kujua kama alipanda mji wa jirani au bara jingine. Mizigo yake nayo huja kwenye mkanda mmoja na ya wageni, chini ya macho ya forodha na karantini.

Anayedhani ukali huu umezidi atazame India. Huko ndege zilizotoka Ghuba zimekuwa zikitua mji mmoja wa India, kisha kuendelea hadi mji mwingine zikiwa na abiria wa ndani. India ilipandisha ushuru wa dhahabu mara kadhaa, ukafika asilimia 10 Agosti 2013 na asilimia 15 Julai 2022, kabla ya kuushusha hadi asilimia 6 Julai 2024. Kadiri ushuru ulivyopanda ndivyo faida ya magendo ilivyokua, na kipande cha ndani kikawa mlango wake. Msafiri kutoka Ghuba huficha dhahabu chini ya kiti au chooni, akashuka mikono mitupu na kukaguliwa bila kukutwa na kitu. Mwenzake hupanda mji huohuo kwa tiketi ya ndani, akaichukua ilipofichwa, akashuka mbele ya safari kama mtu aliyetoka mji wa jirani tu. Maofisa wa forodha wa India wamekamata dhahabu ya namna hiyo mara nyingi. Ndiyo sababu wao hupekua ndege yenyewe, huzitia alama pasi za abiria wa ndani, na huweza kukagua mabegi yao kama ya waliotoka nje.

Marekani imechagua njia nyingine inayoondoa tatizo kwenye shina. Kwa kawaida anayetoka ng'ambo hukaguliwa katika uwanja wa kwanza anaotua: hushuka, hupita uhamiaji, huchukua mabegi yake, hupita forodha, kisha huyakabidhi tena kwa ajili ya safari inayoendelea. Kuanzia hapo kinachobaki ni safari ya ndani ya kawaida. Abiria wa ndani hana bughudha yoyote, hata stika hahitaji. Gharama inabebwa na msafiri wa mbali, ambaye baada ya usiku mzima angani anakokota mabegi kutoka mkanda mmoja hadi mwingine na mara nyingine kukosa ndege inayofuata.

Afrika Mashariki jambo hili huonekana zaidi kwa sura ya viti vitupu. Kwa miaka mingi KLM imekuwa ikiruka kutoka Amsterdam hadi Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kuendelea Dar es Salaam. Wapanda mlima na watalii wa Serengeti hushuka Kilimanjaro, viti vyao vikabaki wazi, na mkazi wa Moshi au Arusha mwenye shughuli Dar hawezi kuvinunua. Hiyo ni kabotaji. Lakini mtu huyohuyo akikata tiketi ya Kilimanjaro hadi Amsterdam kupitia Dar es Salaam, anaketi humo kihalali, kwa kuwa safari yake ni ya kimataifa tangu kiti cha kwanza. Ethiopian Airlines, inapounganisha Kilimanjaro na Zanzibar katika safari moja kutoka Addis Ababa, iko chini ya kanuni hiyohiyo. Uafrika wake hauisaidii: Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, pamoja na soko la pamoja la anga la Afrika lililozinduliwa Januari 2018, vinafikia uhuru wa tano na kuishia hapo.

Viti hivyo vitupu vinauma, hasa msimu ambao tiketi za ndani zimepanda bei. Hata hivyo kuvifungua bila mpango kungekuwa kosa. Ndege ya kigeni ingechota abiria wa njia moja nono kwa bei ya kutupa, kwa kuwa gharama zake zimekwisha kulipwa na wasafiri wa Ulaya, na isingegusa Mpanda wala Songea, ambako mashirika ya nyumbani hupeleka ndege kwa mapato ya njia hizo nono. Kinachofaa kufanywa ni mashirika ya nyumbani yenyewe kuuza vipande vya ndani vya safari zao za ng'ambo na kumwambia mnunuzi ukweli wote kabla hajalipa: jengo atakaloondokea, saa ya kufungwa kaunta, kitambulisho anachotakiwa kuwa nacho, na kwamba pasi ya kupandia isitupwe mpaka atoke nje ya uwanja. Mistari hiyo minne inaenea kwenye tiketi, na iandikwe kwa Kiswahili.