Makaa, Chungu na Haki ya Mnyonge

Mjini Goma, mashariki ya Kongo, makaa huitwa makala. Sehemu kubwa hutokana na miti ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwezi Julai 2007 gorila wa milimani waliuawa humo kwa risasi, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara ya makaa. Askari wengi wa hifadhi nao wamepoteza maisha yao kazini.

Je, mama anunuaye makaa ni mkosaji? La hasha! Watoto hawali maharage mabichi. Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya makaa. Mwenye uwezo hununua gunia zima; mnyonge hununua kwa kopo, naye ndiye alipaye zaidi kwa kila kilo.

Njia nyingine ipo. Mnamo Desemba 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe, wilayani Rutshuru, kilizinduliwa, na nyaya zake zikafika Goma. Sufuria ya umeme yenye kubana mvuke huivisha maharage kwa muda usiozidi saa moja, ilhali juu ya makaa huchukua saa mbili au tatu. Lakini bei ya sufuria hiyo hutakiwa kwa mkupuo. Haki ni kumwezesha mnunuzi wa kopo ailipe kidogo kidogo, kama alivyozoea kununua makaa yake.

Mchomaji na mchuuzi nao wasiachwe bila riziki. Vumbi la makaa na mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa chache huchanganywa na uji wa unga wa muhogo, yakafinyangwa, yakaanikwa juani. Hayo pia ni makaa, wala hayakukata mti.

Hata asiye na umeme anaweza kuanza leo. Aroweke maharage usiku kucha, afunike chungu, kikishachemka vizuri, akiweke ndani ya kapu lililojaa majani makavu, kimalizie kuiva kwa joto lake chenyewe. Jiko la bati lenye udongo ndani hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi. Lakini jiko la makaa lisilazwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua.

Haba na haba hujaza kibaba. Kila kopo lisilonunuliwa ni akiba ya nyumba, na ni tawi lililobaki mtini.