Fahamu: Carnival, kampuni ya meli za utalii iliyoanza kwa kukwama

Machi 1972, meli ya Mardi Gras iling'oa nanga Miami katika safari yake ya kwanza ya utalii, ikakwama kwenye fungu la mchanga karibu na bandari. Ndiyo iliyokuwa meli pekee ya Carnival, tena ya mtumba.

Mwaka 1974 mwanzilishi, Ted Arison, aliichukua kampuni kwa dola 1 pamoja na madeni yake ya mamilioni. Mafuta yalikuwa ghali, hivyo meli ikaendeshwa polepole. Abiria wakakaa zaidi melini, kwenye kasino, muziki na baa. Hapo ndipo biashara ilipopata uhai.

Baada ya kuuza hisa kwa umma mwaka 1987, Carnival ilinunua kampuni nyingine za meli, Holland America na Cunard, kisha ikaungana na Princess. Meli ya Costa Concordia, iliyozama Italia mwaka 2012 na kuua watu 32, ilikuwa ya kampuni tanzu ya Carnival.