Mafuta ya kupikia: kwa mkamuaji au dukani?

Kabla ya kuhubiriana uzalendo, tupige hesabu. Dodoma na Singida ndizo nchi ya alizeti, na kwa mtu wa Chang'ombe mafuta yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo hayako mbali: yako gengeni, kwenye chupa za maji zilizotumika. Hatua chache tu, duka la Mangi limepanga chupa zenye nembo.

Anza na kipimo, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi. Kwa hiyo anayekuuzia kilo kwa bei ileile ya lita amekupa zaidi kidogo, na mafuta ya dumu la lita 20 hayafiki kilo 19. Chupa ya maji nayo itazame: iliyoandikwa mililita 500 huuzwa kama nusu lita hata ikijazwa hadi mabegani tu.

Kisha kuna kupimiwa. Tuseme robo lita ni shilingi 1,800 na dumu la lita 5 ni 30,000. Ukinunua kwa robo hadi zitimie lita 5, umelipa 36,000. Hiyo 6,000 ya ziada ndiyo gharama ya kutokuwa na 30,000 kwa mkupuo, na inauma. Lakini kama kulifuata dumu Majengo kunakula bodaboda ya 2,000 kwenda na kurudi, faida inabaki 4,000. Majirani watatu wakichangia dumu moja, wote wameshinda, na mkamuaji kauza.

Kwenye ubora, sina upande. Mafuta ya mkamuaji yana harufu ya alizeti yenyewe, matamu kwenye mlenda na mboga za majani. Kwa chipsi au maandazi nisingeyatumia: yasiyosafishwa huanza kutoa moshi mapema, hivyo chupa ya kiwandani inastahili bei yake. Tena kanuni za mwaka 2011 zilitaka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, jambo ambalo mashine ndogo nyingi haziliwezi. Ukishuku yamechanganywa na mawese, subiri asubuhi za Julai, baridi ya Dodoma ikiwa kali: mawese huganda upesi, alizeti hubaki ya kumiminika, hata kama itakuwa na ukungu kidogo.

Mwaka 2022 Indonesia ilifunga mauzo ya mawese nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei, wakati vita vya Ukraine vikiwa vimeshakaba alizeti ya huko. Bei ilipanda hadi huku, ya mkamuaji pia, kwani naye huangalia soko. Ukaribu wake haukuwa kinga. Alichonacho yeye na muuza genge ni daftari: mshahara ukichelewa, unaandikwa. Supamaketi haikuandiki. Ila ukikopa, uliza bei ya mkopo na ya taslimu kama ni moja.

Wakati mzuri wa kununua dumu ni baada ya mavuno, katikati ya mwaka, mbegu zikiwa nyingi. Nenda na chombo chako kikavu, uyahifadhi gizani, maana mwanga na hewa huyachachisha. Anayefuga kuku aulize na mashudu hapohapo mashineni, kabla wachuuzi hawajayabeba.