Baiskeli Ndani ya Buti: Kupanda Basi Katikati ya Safari ya Baiskeli



Likizo ndefu inakaribia, na maongezi ya safari za nyumbani yameanza. Wapo wanaotamani kuiona Tanzania kwa baiskeli, si kwa dirisha la gari tu: kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, kama kilomita 500, au mbali zaidi. Swali moja huwagawa watu. Mtu aliyeanza safari kwa baiskeli akipanda basi katikati, je, amedanganya?

Jibu ni hapana. Anayetafuta rekodi ana sheria zake za kufuata, lakini hata yeye hakanyagi pedali kila mahali. Mark Beaumont wa Scotland alizunguka dunia kwa baiskeli mwaka 2017 kwa siku 78 na saa kadhaa, na bahari alizivuka kwa ndege. Sisi hatutafuti rekodi. Tunataka kufika salama na kuwaona babu na bibi.

Mfano wa Mikumi

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia, unafika Morogoro baada ya kilomita 190 hivi. Mbele yake barabara hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kipande cha ndani ya hifadhi ni kama kilomita 50, yaani maili 31. Hakuna uzio kati ya lami na wanyama. Tembo, nyati, twiga na pundamilia huvuka barabara, na simba wamo. Kuna hata mabango yanayotaja faini kwa dereva atakayemgonga mnyama.

Hapo mwendesha baiskeli ana hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni wanyama. Baiskeli haina kelele, kwa hiyo tembo au nyati anaweza kushtuka akikuona ghafla, nawe huna mlango wa kufunga. Ya pili ni malori yanayobeba mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na nchi za Zambia na Kongo. Lori likikubana, unalazimika kutoka kwenye lami na kuingia majanini, na humo majanini ndimo mnyama alimo. Ukipata pancha, huwezi kukaa chini ya mti na kuziba tyubu kwa utulivu.

Wapo wanaopita kwa baiskeli, lakini wasafiri wengi huvuka kwa gari. Kwa familia yenye watoto, hilo si jambo la kujadili. Tahadhari kabla ya hatari.

Panda basi Morogoro, kwenye stendi ya Msamvu, ushuke Mikumi mjini. Mji huo uko baada ya hifadhi, pale inapochepuka barabara ya Ifakara. Ni bora kupandia stendi kuliko kusimamisha basi njiani, kwa sababu stendi kuna muda wa kupakia vizuri. Kutoka Mikumi mjini unaweza kuendelea kwa baiskeli hadi kwenye mibuyu mingi ya upande wa Ruaha Mbuyuni. Ukifika mlima Kitonga, wenye kona kali na malori mengi, fikiria tena: kupanda basi mara ya pili pia si aibu.

Si kama huku

Watoto wa huku Marekani mmeziona keria zilizo mbele ya mabasi ya jiji, zenye nafasi ya baiskeli mbili au tatu. Unaiweka mwenyewe, unaingia, wala huhitaji kusema neno. Basi la mikoani Tanzania halina keria hiyo. Baiskeli huingia kwenye buti, chini ya abiria, na mambo yote huenda kwa maelewano. Nauli kikomo ya abiria hupangwa na LATRA, lakini bei ya baiskeli mara nyingi mnapatana wewe na konda. Hapo Kiswahili chako ni muhimu kama spana.

Kuandaa baiskeli

1. Toa mifuko, chupa, taa na pampu. Pasipoti, pesa, dawa na simu ukae navyo mwenyewe.
2. Fungua pedali. Ya kulia hufunguliwa kinyume cha mwendo wa saa, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi huilazimisha upande usio wake na kuharibu nati.
3. Legeza usukani uugeuze ulale sambamba na fremu. Buti likiwa dogo, toa gurudumu la mbele.
4. Laza baiskeli upande wa cheni ukiwa juu, ili gia ya nyuma isipinde.
5. Ifunge kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kama wafanyavyo waendesha bodaboda.
6. Usiondoke mpaka buti lifungwe. Gunia la mchele likiwekwa juu ya gurudumu, utaligundua umeshachelewa.

Kuzungumza na konda

Anza na salamu, bei baadaye. Dereva mtu mzima mwamkie: “Shikamoo, mzee.” Konda kijana anatosha na “Habari za kazi, kaka?” Kisha:

– Samahani kaka, basi hili linashusha Mikumi mjini?
– Nina baiskeli moja. Buti lina nafasi?
– Baiskeli ni shilingi ngapi? Nipunguzie kidogo.
– Naomba uiandike kwenye tiketi.
– Tafadhali, usiweke mzigo mzito juu yake.
– Tukifika Mikumi naomba unikumbushe.

Patana kabla baiskeli haijaingia ndani. Ikishafungiwa kwenye buti, huna tena nguvu ya kupunguziwa. Na mpiga debe si konda: lipa kwa mwenye tiketi.

Kazi ya nyumbani

Wanafunzi, fanyeni igizo na mzazi: mmoja awe konda, mwingine abiria mwenye baiskeli. Patanani bei mpaka mkubaliane. Kisha mwulizeni mzazi aliwahi kusafiri na mzigo gani wa ajabu ndani ya basi, mwandike sentensi tano. Tutazisoma darasani Jumamosi ijayo.